Padri Aliyehesabu Matumbo ya Maskini

Huenda jina la Thomas Robert Malthus hujapata kulisikia, ndugu msomaji, lakini hoja yake umeisikia mara nyingi. Umeisikia maji yanapokatika mtaani, mtu akasema ati ni kwa sababu tumekuwa wengi. Umeisikia kwenye semina za uzazi wa mpango. Umeisikia barazani, pale jirani mwenye watoto tisa anapochekwa kwa shida zake. Hoja yenyewe ni fupi: watu huongezeka upesi kuliko chakula, na mwenye kuzaa kupita uwezo wake asimlaumu mtu. Aliyeiandika ikaenea dunia nzima alikuwa padri wa Kiingereza, aliyekufa mwaka 1834.

Mimi nilikutana naye nikisomea diploma. Alipewa nusu ukurasa tu: jina, mwaka, na mchoro wa mistari miwili, mmoja wa watu na mmoja wa chakula. Tukakariri, tukafanya mtihani, mambo yakaisha. Miaka hii nimerudi kuyasoma maisha yake, na naona nusu ukurasa ule ulimdhulumu yeye na ukatudhulumu na sisi. Ulimdhulumu yeye kwa kuwa hakuwa shetani kama maadui zake walivyomchora. Ulitudhulumu sisi kwa kuwa haukutwambia hoja ile ilitumiwa na nani, na ilimwangukia nani. Basi leo tuyapitie maisha ya mtu huyu, kisha tupime.

Malthus alizaliwa tarehe 13 Februari 1766 katika nyumba iliyoitwa The Rookery, karibu na mji wa Dorking, jimbo la Surrey, kusini mwa London. Alikuwa mtoto wa sita kati ya saba, na nyumbani walimwita Robert. Babake, Daniel Malthus, alikuwa mtu wa mali ya kumtosha, mpenda vitabu na mimea, na mpenzi mkubwa wa mawazo mapya ya zama zile. Mtoto hajatimiza hata mwezi, wageni wawili walifika pale nyumbani: David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, na Jean-Jacques Rousseau, ambaye maandishi yake yalikuwa yakiitikisa Ulaya. Daniel alimpenda Rousseau mno. Aliamini kwamba binadamu ni mwema kwa asili, na kwamba dunia ikiongozwa kwa akili itazidi kuwa nzuri. Likumbuke hilo, maana kitabu kilichompa mwanawe umaarufu kilizaliwa kutokana na ubishi na baba huyu.

Robert alizaliwa na mdomo sungura, na kaakaa lake pia lilikuwa limepasuka. Maisha yake yote maneno yake hayakutoka sawasawa. Mtu mwingine angejificha. Yeye alikua mpole, mcheshi, mwenye subira, na hata waliochukia vitabu vyake wakimjua ana kwa ana walishindwa kumchukia mwenyewe. Kuna habari moja ya kupendeza. Mwandishi Harriet Martineau alikuwa na uziwi, na popote alipokwenda alibeba kifaa cha kumsaidia kusikia. Alipokutana na Malthus aliogopa kwamba hawataelewana, mmoja kiziwi na mwingine mwenye kasoro ya kusema. Ikawa kinyume: Malthus alikuwa miongoni mwa watu wachache aliowasikia vizuri bila kifaa chake.

Alisomeshwa kwanza nyumbani, kisha na walimu waliochaguliwa na babake. Mmoja wao, Gilbert Wakefield, baadaye alifungwa jela kwa kuandika dhidi ya serikali. Mwaka 1784 akaingia chuo cha Jesus, Cambridge, na mwaka 1788 akamaliza akiwa wa tisa katika daraja la juu la hesabu. Kisha akawa padri wa Kanisa la Uingereza. Kanisa lake la mwanzo lilikuwa kijumba kidogo cha ibada mahali paitwapo Okewood, huko huko Surrey, katikati ya mashamba na misitu.

Pale Okewood ndipo nionapo mimi mzizi wa mambo yote. Waumini wake walikuwa vibarua wa shamba. Alibatiza watoto wao na kuzika maiti zao. Katika kitabu chake anaeleza kwamba vijana wa vibarua wale walidumaa. Ukimwona mvulana ukamkisia miaka 14 au 15, ukiuliza waambiwa ana 18 au 19. Maneno hayo hayaandikwi na mtu aliyefungiwa maktaba. Aliandika alichokiona kwa macho yake. Njaa aliiona. Tatizo ni maelezo aliyoyatoa kuhusu chanzo chake.

Zama zenyewe zilikuwa za misukosuko. Ufaransa ilikuwa imempindua mfalme wake, na tangu 1793 Uingereza ilikuwa vitani nayo. Mwaka 1795 mavuno yalikuwa mabaya na bei ya mkate ikapanda hata vibarua wakashindwa kuishi kwa mshahara. Tangu mwaka 1601 kulikuwa na sheria za maskini: kila parokia ilitoza kodi wenye mali, na fedha zile zikawasaidia wasiojiweza. Mwaka huo wa 1795 mahakimu wa jimbo la Berkshire walikwenda mbali zaidi. Walikubaliana kwamba kibarua ambaye mshahara wake hautoshi aongezewe kwa kadiri ya bei ya mkate na idadi ya watoto wake. Wenye mali wakaanza kunung'unika kwamba kodi inapanda na maskini wanazidi kuzaa.

Wakati huo huo mwandishi William Godwin alikuwa akiwaambia Waingereza kwamba umaskini hautokani na maumbile, unatokana na taasisi mbovu na mali kulimbikizwa na wachache. Yakitengenezwa hayo, binadamu ataishi kwa usawa na amani. Huko Ufaransa, Condorcet naye aliandika kwa matumaini kama hayo, akiwa amejificha asikamatwe, na akafa kizuizini mwaka 1794. Daniel Malthus aliyakubali mawazo ya Godwin. Mwanawe hakuyakubali. Wakabishana nyumbani, baba na mwana, kwa mapenzi na heshima, na mwana akaona hoja zake azitie kwenye karatasi. Karatasi zikawa kitabu. Kikachapishwa London mwaka 1798 bila jina la mwandishi, na hicho ndicho kitabu chake juu ya kanuni ya ongezeko la watu.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Watu wasipozuiwa na lolote huongezeka maradufu kila miaka 25. Anza na moja: watakuwa 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, 128, na baada ya miaka 200 watakuwa 256. Chakula nacho, hata ukilima kwa bidii namna gani, huongezeka kwa kujumlisha tu: 1, 2, 3, 4, hata 9. Watu 256, chakula cha 9. Kwa kuwa haiwezekani watu wakaishi bila kula, lazima kuna kinachowapunguza daima. Akavigawa vizuizi hivyo mafungu mawili. Kuna vinavyoongeza vifo, kama njaa, maradhi na vita. Na kuna vinavyopunguza kuzaliwa, kama mtu kuchelewa kuoa kwa kuogopa kushindwa kulea.

Watu wengi hudhani Malthus alitabiri kwamba siku moja huko mbele chakula kitakwisha ghafla. Hakusema hivyo. Alisema kibano kipo kila siku, na wanaobanwa ni maskini. Kila mshahara unapopanda kidogo, maskini huoa mapema, watoto huzidi, vibarua huwa wengi, mshahara hushuka tena. Kwa hiyo, kwake yeye, ndoto ya Godwin haiwezekani hata ukiwaweka malaika serikalini. Na kwa kuwa alikuwa padri, ilimbidi aeleze kwa nini Mungu aiumbe dunia hivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba dhiki huiamsha akili, na binadamu bila haja angebaki amelala.

Sasa tazama udhaifu wake. Ile namba ya miaka 25 aliitoa Marekani, kwa walowezi waliopata ardhi tele iliyonyang'anywa wenyewe. Walau ilikuwa na ushahidi. Lakini ile safu ya pili, ya chakula kuongezeka moja moja, haikuwa na ushahidi wowote. Ilikuwa makisio. Hesabu ikipangwa vizuri hupendeza macho, na msomaji husahau kuuliza namba zilitoka wapi.

Kitabu kilizua kishindo. Kwa sifa yake, Malthus hakukaa akijipongeza. Alifunga safari kutafuta ushahidi. Mwaka 1799 alikwenda na wenzake Norway, Sweden, Finland hadi Urusi, akiuliza bei, mishahara, umri wa kuoa, vifo na mavuno. Norway ilimpendeza: vijana walisubiri hadi wapate kijishamba na nyumba ndipo waoe, na umasikini ulikuwa nafuu. Sweden alikuta mwaka wa njaa, watu wakila mkate uliochanganywa magome ya miti. Mwaka 1802 akazunguka Ufaransa na Uswisi. Mwaka 1803 akatoa toleo la pili, kubwa mara kadhaa kuliko la kwanza, safari hii lenye jina lake.

Toleo hilo lilikuwa na laini yake na ngumu yake. Laini ni kwamba aliongeza njia ya tatu: mtu ajizuie, achelewe kuoa mpaka aweze kutunza familia, na wakati huo aishi kwa usafi bila zinaa. Alitaka pia watoto wa maskini wasomeshwe. Ngumu ni mambo mawili. La kwanza, alipendekeza sheria za maskini zifutwe polepole, kwa kutangaza kwamba mtoto atakayezaliwa katika ndoa iliyofungwa mwaka mmoja baada ya tangazo hilo asiwe na haki ya msaada wowote wa parokia. La pili, aliandika mfano wa karamu: aliyezaliwa katika dunia iliyokwisha jaa, wazazi hawana cha kumpa na kazi yake haitakiwi, hana nafasi mezani na hana haki ya kudai hata tonge. Maneno hayo aliyaondoa katika toleo la 1806. Lakini yalikuwa yameshasomwa, na maadui zake hawakumsahaulisha mpaka kufa. Kitabu kilitoka matoleo sita maishani mwake, la mwisho mwaka 1826.

Aliyoyahubiri aliyatenda. Alioa mwaka 1804 akiwa na miaka 38, akamwoa Harriet Eckersall. Nafasi yake ya Cambridge ilikuwa ya makapera, kwa hiyo akaipoteza. Walipata watoto watatu, Henry, Emily na Lucy, na Lucy alifariki akiwa msichana wa miaka 17. Waliomchukia walieneza uvumi kwamba ana mabinti 11, na kwa miaka mingi wako walioamini.

Mwaka 1805 alipata kazi iliyomweka mpaka mwisho wa umri wake. East India Company, ile kampuni ya Waingereza iliyotawala Bara Hindi kwa jeshi na kwa kodi, ilikuwa imefungua chuo cha kuwafundisha vijana watakaokwenda kuitumikia. Chuo kilianza Hertford, kisha kikahamia Haileybury. Malthus akawa mwalimu wa historia na uchumi, na ndiye wa kwanza Uingereza kuitwa profesa wa uchumi. Wanafunzi, vijana watukutu waliozoea kufanya fujo, walimbandika jina la Pop, kifupi cha neno la Kiingereza la idadi ya watu. Ni kampuni hii hii ambayo sisi watu wa pwani twaijua kwa Kapteni Hamerton, aliyekuja Unguja mwaka 1841 akiwa balozi wa Uingereza na wakala wa kampuni. Usilipuuze jambo hili. Kwa karibu miaka 30, vijana waliokwenda kupanga kodi na kugawa chakula huko India walipita darasani kwa Malthus.

Katika maisha ya kila siku alikuwa na rafiki mmoja wa kuonewa wivu, David Ricardo, tajiri wa soko la hisa na mwanauchumi kama yeye. Walijuana mwaka 1811, wakaandikiana barua mpaka Ricardo alipofariki mwaka 1823. Hawakukubaliana karibu katika kila jambo. Malthus aliunga mkono sheria ya 1815 ya kuzuia nafaka za nje, Ricardo akaipinga. Malthus alisema bidhaa zaweza kujaa madukani bila wanunuzi, Ricardo akasema haiwezekani. Katika hili la pili, zaidi ya miaka 100 baadaye mwanauchumi John Maynard Keynes alisema ni Malthus aliyeona mbali. Kabla ya vita vya Waterloo Ricardo alimwekea rafikiye fedha katika mkopo wa serikali. Malthus akaingiwa na hofu, akaomba hisa zake ziuzwe mapema kwa faida kidogo. Ricardo akashikilia zake, Uingereza ikashinda, akavuna mali. Urafiki haukutikisika, na Ricardo alipokufa alimwachia Malthus fedha katika wasia wake. Sisi tunaokatiana salamu kwa sababu ya siasa tungejifunza hapo.

Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini. Malthus hakuiandika yeye, lakini mawazo yake yalikuwa yameshaitengenezea njia. Chini ya sheria hiyo, maskini mwenye nguvu aliyetaka msaada alitakiwa aingie nyumba za kazi, ambazo kwa makusudi zilifanywa mbaya kuliko maisha ya kibarua wa mwisho. Mume alitengwa na mke, na watoto wakatengwa na wazazi. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Malthus alifariki karibu na mji wa Bath, alikokwenda kwa wakweze, akiwa na miaka 68. Alizikwa katika kanisa kubwa la mji huo.

Mtu alikufa, hoja ikabaki hai, na ikawa kali kuliko mwenyewe.

Mwaka 1845 maradhi yaliangamiza viazi vya Ireland, nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini wake. Watu karibu milioni 1 walikufa katika miaka iliyofuata, na zaidi ya milioni 1 wakahama. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kutoka Ireland kwenda kuuzwa Uingereza. Afisa mkuu wa hazina aliyesimamia msaada alikuwa Charles Trevelyan, aliyesomea Haileybury. Alibana msaada kwa imani kwamba majanga yale ni mkono wa Mungu wa kuirekebisha jamii. Haki isemwe: Malthus mwenyewe, alipoandika kuhusu Ireland, aliwalaumu watawala kwa kuwakandamiza Wakatoliki, akataka wapewe haki sawa. Sehemu hiyo ya Malthus haikuchukuliwa. Iliyochukuliwa ni ile ya kuwahesabu watu kuwa wamezidi.

Mfano wa India ndio unaonichoma zaidi. Mwaka 1873 palitokea ukame Bihar. Afisa Richard Temple, naye mwanafunzi wa zamani wa Haileybury, aliagiza mchele kutoka Burma, akaugawa, na waliokufa kwa njaa walikuwa wachache sana. Badala ya kupewa shukrani alilaumiwa kwa kutumia fedha nyingi. Njaa nyingine ilipoingia kusini mwa India mwaka 1876, Temple huyo huyo alitumwa kupunguza gharama. Akateremsha posho ya watu waliokuwa wakifanya kazi ngumu katika miradi ya msaada mpaka ratili moja ya nafaka kwa siku na senti kidogo. Nafaka ikaendelea kupakiwa melini kwenda nje. Mpaka 1878 watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wamekufa. Idadi ya Wahindi haikubadilika kwa miaka miwili, wala ardhi yao haikupungua. Kilichobadilika ni uamuzi wa aliyeshika ghala.

Na ule utabiri wa hesabu? Hesabu ya kwanza ya watu England na Wales ilifanyika mwaka 1801 ikapata kama milioni 8.9. Mwaka 1901 walikuwa milioni 32.5, na walikula vizuri kuliko babu zao. Reli na meli za mvuke zilileta ngano kutoka Marekani. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Wajerumani wakagundua namna ya kutengeneza mbolea kutokana na hewa. Dunia iliyokuwa na watu kama bilioni 1 zama za Malthus ilifikia bilioni 8 mwaka 2022. Tena familia zikaanza kuzaa wachache zenyewe, hasa pale watoto walipoacha kufa na wasichana walipokaa shuleni. Kwetu Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa kwa wastani watoto 8. Uchunguzi wa 2022 ulipata 3.4. Hapakuhitajika njaa.

Wala asikudanganye mtu kwamba Malthus ndiye baba wa vidonge na sindano. Kama padri aliziona njia za kuzuia mimba ndani ya ndoa kuwa uovu. Waliolitumia jina lake kuzieneza walikuja baadaye. Kwetu Waislamu mambo haya yana historia yake. Surat al-Israa imekataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Imam Ghazali, miaka 700 kabla ya Malthus, alijadili mume kujizuia asitungishe mimba, na akaikubali hata nia ya mtu kuogopa mzigo wa watoto wengi. Ibn Khaldun naye alifundisha kwamba mji wenye watu wengi huzaa mafundi, kazi na neema, kwa kuwa watu wakigawana kazi huzalisha zaidi ya mahitaji yao. Kwa hiyo kupanga familia kwa hiari ni mazungumzo ya mke na mume na shekhe wao. Kumnyima mtu chakula kwa sababu wamezidi ni jambo jingine kabisa.

Je, basi tumtupe Malthus? Mimi siwezi. Kenya ilihesabu watu kama milioni 5.4 mwaka 1948, na milioni 47.6 mwaka 2019. Hakuna mwenye akili atakayesema tofauti hiyo si kitu. Bahari haizai samaki kwa kadiri ya idadi ya ngalawa, na mvuvi yeyote atakwambia. Swali lake la mipaka ni la haki. Nisilolikubali ni lile jibu la haraka, kwamba dhiki ikionekana basi kosa ni la maskini na tumbo lake.

Chukua maji. Bomba la Mzima lilijengwa katika miaka ya 1950. Mombasa peke yake leo ina watu zaidi ya milioni 1.2. Ukikaa siku tatu ukingojea mkokoteni wa maji huku ukiambiwa mmekuwa wengi, jua kwamba chemchemi hazikukauka kwa sababu umezaa. Wewe ulizaa, na serikali moja baada ya nyingine haikujenga. Chukua ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mwingereza. Wengi, hasa ndugu zetu Wamijikenda, hawakudai, maana hawakujua kwamba mtu hudai kilicho chake. Wajukuu wao ndio tunaowaita maskwota. Ukiwaona wamebanana kijijini, watoto wengi na mashamba madogo, hesabu ya Malthus itakwambia wamezaa sana. Daftari la ardhi litakwambia habari nyingine.

Ndiyo sababu nimeyaandika maisha haya. Malthus alikuwa mtu mwema, msomi wa kweli, mume na rafiki mzuri, na aliwahurumia wale vijana waliodumaa wa Okewood. Wema wake haukuwasaidia, kwa kuwa alihesabu matumbo yao na mikate yao, lakini hakuihesabu mikate iliyokuwa ghalani mwa wengine kama sehemu ya tatizo. Aliiona mgawo wa mali kama hali ya hewa, jambo lisilobadilika. Waliomfuata wakaifanya hesabu hiyo sera, na watu wakafa.

Basi wanapokuja wataalamu na michoro yao, tusiwafukuze. Tukae, tusikilize, tupange uzazi wetu kwa akili na kwa dini. Kisha tuwaulize watuonyeshe na daftari la pili: maji yako kwa nani, ardhi iko kwa nani, na bajeti ya mwaka jana imekwenda wapi. Wakikataa kulifungua, tutajua walikuja kuhesabu upande mmoja.

Wabillahi tawfiq.